Chambo

Miezi ya kipupwe, kusi linapovuma kwa nguvu na ngarawa nyingi zikalala ufukoni, wavuvi wa mshipi hubakia juu ya gati. Ndivyo ilivyo Forodhani, Unguja. Ndivyo ilivyo Tanga, na ndivyo ilivyo Pangani, pale mto unapoingia baharini. Mtu hujifunika shuka mabegani (kipupwe cha pwani si baridi ya Lushoto, lakini upepo wa alfajiri una meno yake), akafunga chubwi kwenye mshipi, akatunga kipande cha ngisi katika ndoana, akatupa. Kisha akangoja. Hana chombo, hana tanga, hana deni kwa tajiri wa nyavu. Gati ni la watu wote na bahari haina mwenyewe. Kwa mpita njia anayemtazama, haipo kazi iliyo mbali na dhambi kuliko hii.

Uhalali wa kitoweo cha bahari haubishaniwi hapa. Linaloulizwa ni jingine: mvuvi huyu anafanya nini hasa anapongoja?

Mvuvi wa nyavu hamsemeshi samaki, humzunguka, akamvuta. Mwenye dema humjengea nyumba yenye mlango wa kuingilia tu. Mwenye mshipi ndiye anayemwachia samaki aamue mwenyewe. Ustadi wake wote ni kuijua njaa ya mwingine: changu hupenda nini, tasi huja saa ngapi, maji yakijaa nani hukaribia nguzo za gati kutafuta riziki. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Juu ya gati furaha hiyo haitokani na hasira. Inatokana na njaa.

Na chambo si kitu cha uongo. Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Ngisi aliyetungwa kwenye ndoana ni ngisi wa kweli, mtamu vilevile kama yule anayeelea bila kamba. Mwongo wa kawaida hutaja lisilokuwapo. Chambo hutaja lililopo, kikanyamaza juu ya lililomo ndani yake. Samaki hakudanganywa kuhusu chakula. Amefichwa bei yake. Ndiyo maana neno hili lilitoka majini zamani likahamia kwa watu, na hakuna msemaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa maana ya mtu kutegewa chambo.

Anayetaka kulipima neno hilo na aufuate mto Pangani kwenda juu, ayapite maporomoko ya Hale, afike Korogwe. Huko nako kipupwe kina wavuvi wake, mtu na ndoana yake ukingoni, na chambo ni nyungunyungu kwa ajili ya kambale na perege. Ng'ambo ya kusini ya mto ndiyo njia ya Handeni, nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na ya mvua zisizoaminika. Mvua zikikosa Handeni, njaa huwa haina mjadala.

Katika miaka ya 1830 zilikosa. Masimulizi ya Wazigua, yaliyohifadhiwa upande huu na upande wa pili wa bahari, yanasema kwamba watu waliteremka pwani wakitafuta chakula, wakakuta wafanyabiashara wenye vyombo. Waliahidiwa kazi mahali pasipo mbali, na kwa kazi hiyo chakula, na baada ya mavuno kurudishwa kwao. Walipanda wenyewe. Hilo husisitizwa na wasimulizi, na ndilo linaloumiza: hawakukamatwa vitani wala kufungwa minyororo porini. Walipanda kwa miguu yao, wengine na watoto mgongoni. Vyombo vikaelekea kaskazini hadi pwani ya Wasomali, na huko wakauzwa. Baadaye wengi walitoroka wakafanya makazi katika bonde la mto Juba, na masimulizi yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Lugha yao hawakuitupa. Kizazi baada ya kizazi waliisema huko, hata Mzigua wa Handeni aliyewasikia karne moja na nusu baadaye akawaelewa.

Wasomaji wa pwani na visiwani wana sababu ya kuisikiliza habari hii kwa makini kuliko wengine. Vyombo vile viling'oa nanga katika pwani hii hii, na huenda lugha iliyotumika kuahidi chakula ilikuwa Kiswahili, tena fasaha.

Korogwe ina habari yake, isiyo ya kikatili kiasi hicho, ila ni ya ukoo mmoja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge katika nchi hii, na reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902 mashamba yalitanda mpaka macho yachoke: Magunga, Ngombezi, Mazinde. Mashamba hutaka mikono. Waandikishaji walitumwa mbali, kwa Waha, Wabena, Wanyamwezi na wengineo, na waliokuja wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mkataba ulisomwa, mshahara ulitajwa, na ulikuwa mshahara wa kweli. Lisilotajwa ni jinsi kipande cha kazi thelathini kinavyoweza kugoma kujaa wakati mwili umechoka au unaugua, na jinsi miaka inavyopita mtu akiwa bado hana nauli ya kurudi. Kilichomsukuma kukubali, mara nyingi, ni kodi ya kichwa iliyokuwa inamngoja nyumbani. Njaa ile nyingine ilitoka mbinguni. Hii iliandikwa ofisini.

Hapo msomaji atasema: samaki ni samaki, na mtu ni mtu. Jibu hili ni sahihi, lakini linaridhika upesi mno. Aliyewapakia Wazigua naye alikuwa na jibu la namna hiyo, kwamba hawa si kama sisi. Tena elimu imeanza kulitikisa kwa upande wake. Mwaka 2003 watafiti wa Scotland, akiwamo Lynne Sneddon, walionesha kuwa midomo ya samaki aitwaye trauti ina mishipa ya fahamu inayopokea maumivu, na kwamba samaki aliyeumizwa mdomo hubadili mwenendo wake, hata kula akaacha kwa muda. Anahisi kiasi gani, wataalamu bado wanashindana. Lakini ule usemi wa kujifariji, kwamba ndoana haimuumi, haukubaliki tena kirahisi.

Ama kusema kwamba uovu wote umo katika udanganyifu, nako ni kukosea. Kwa miongo mingi maji ya Tanga yaliteswa na baruti, ingawa sheria iliikataza tangu 1970. Mlipuaji hamdanganyi samaki yeyote. Hana chambo, hana subira, hataki kujua nani ana njaa na nani ameshiba. Huua mama na mayai, changu na asiye na jina, akavunja na matumbawe yaliyochukua umri mrefu kuota. Kama ukweli pekee ungekuwa kipimo, huyu angekuwa mvuvi mwadilifu kuliko wote.

Kwa hiyo tofauti iko kwingine, na inaelekea iko katika ile ridhaa. Chambo hupata nguvu yake kwa kuwa mwenye kukimeza amekubali. Mvuvi anaweza kusema: sikumlazimisha. Mwenye chombo alisema hivyo, na mwandikishaji alisema hivyo, tena kwa karatasi iliyotiwa dole gumba. Lakini ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa kamili. Ni njaa iliyovaa nguo ya ridhaa. Anayeipokea huku akijua hivyo anachukua zaidi ya alichopewa. Mvuvi wa gatini anaijua njaa ya samaki kuliko samaki mwenyewe anavyoijua. Kinachomtetea si kwamba samaki alikubali. Kinachomtetea ni kwamba yeye naye ana njaa, au wanawe nyumbani wanayo, na kwamba hadai kuwa alichofanya ni zaidi ya hicho.

Utetezi huo haumfikii aliyeshiba. Yuko mvuvi wa michezo, katika maji makuu kati ya Pemba na bara, anayemnasa sulisuli, akapigana naye hadi mnyama achoke, akapigwa naye picha, kisha akamrudisha majini akijiona mpole. Wapo wanaomsifu kwa kuachia, na kwa hesabu ya idadi ya samaki baharini ana hoja. Lakini alitumia njaa ya kiumbe kuwa mchezo wake, na samaki yule alirudi na jeraha pamoja na tumbo tupu. Mzee wa Korogwe anayemkaanga kambale wake jioni amefanya jambo linaloeleweka zaidi.

Mwaka 2003 huohuo, baada ya vita vya Somalia kuwatawanya, baadhi ya wajukuu wa wale waliopanda vyombo walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na miaka iliyofuata wengi wakapewa uraia. Walipewa ardhi ya kulima katika nchi ileile iliyowanyima babu zao mvua. Yumkini mtu aliyelelewa juu ya hadithi ya chakula kilichogeuka bahari hutazama kila mgao wa unga mara mbili kabla ya kunyoosha mkono, na hakuna mwenye haki ya kumwita mtovu wa shukrani.

Magharibi ikikaribia, wavuvi wa gatini hukunja mishipi. Chambo kilichobaki hakifai kesho. Ngisi hulegea na kunuka. Wengine hukitupia paka. Wengine hukikung'uta majini palepale penye nguzo, vipande vitupu visivyo na ndoana, na maji huchemka kidogo kwa samaki wadogo wanaogombea. Ukimuuliza mvuvi kwa nini, huenda akasema ni sadaka, au akasema ni kuwazoesha mahali, ili kesho alfajiri wawe wangali wapo.