Nani Atakunyima Bunduki Yako?

Mpwa wangu anaendesha malori huko Texas, na siku hizi kila akipiga simu ana swali moja. Anataka bunduki yake ya kwanza, ya nusu otomatiki, ile inayojipakia yenyewe kila unapovuta kifyatulio. Anataka ya kulengea shabaha siku za mapumziko, na anataka isiyokwama. "Mjomba, wewe umekula chumvi na silaha. Niambie nichukue gani."

Nilikuwa mwanajeshi, na miaka ya mwisho ya utumishi wangu niliwafunza makuruta shabaha hapa Eldoret. Sasa nalima mahindi na kukama ng'ombe Cheptiret, na kanisani mimi ni mzee. Mkufunzi aliyemo ndani yangu alikuwa na jibu kabla kijana hajamaliza kuuliza. Mzee wa kanisa bado anajiuliza kama swali lenyewe linafaa kujibiwa.

Nianze na mkufunzi, kwa kuwa kazi yake ni nyepesi. Anayeanza asianze na risasi kubwa. Ugonjwa wa kila kuruta ni kushtuka: anafumba macho na kukaza bega kabla ya mlio, kwa sababu mwili umekwisha kujua kwamba kitako kinakuja. G3 tuliyoitumia, ya milimita 7.62, ilikuwa na teke, na kuruta aliyeiogopa hakulenga tena. Alifyatua tu ili amalize zamu yake. Raia hana haja ya kupitia hayo. Achukue ya kaliba .22, isiyo na teke la kutaja, na ambayo risasi zake ni za bei ya chini. Katika nusu otomatiki za aina hiyo, Ruger 10/22 imekuwa sokoni tangu 1964. Magazini yake hubeba risasi 10, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Kabla ya kununua, aikodi uwanjani na ajaribu risasi za kampuni mbili tatu, maana .22 za kujipakia huchagua: hii inapita vizuri, ile inakwama. Aisafishe kila mara, kwa sababu risasi hizo huacha masizi. Asiguse mitambo ya ndani. Avae vizibo vya masikio. Na asidanganywe na udogo wake: risasi ile huruka zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima pawe na tuta la udongo. Hayo nimemrekodia kwa sauti na kumtumia, na hayakuchukua muda.

Lililobaki ni zito zaidi. Je, ni halali mtu kustarehe kwa chombo kilichobuniwa kuua, mradi anapiga karatasi?

Hapa kwetu Kenya swali hilo halipati pa kukaa. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sababu ya mwindaji ikaondoka naye. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haimruhusu raia kuwa na bunduki ya kivita inayojipakia yenyewe. Hata bastola huipati mpaka wanaotoa leseni waridhike na tabia yako na sababu yako, na cheti hufanywa upya kila mwaka. Mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliamriwa kwenda kukaguliwa upya. Wakati huohuo, risasi zinatengenezwa hapahapa Eldoret katika kiwanda cha serikali, na vijana kutoka kila pembe ya nchi huja kufunzwa kuzitumia katika chuo cha makuruta kilicho jirani nasi. Silaha hazijatupungukia. Tusichokuwa nacho ni desturi ya mtu mmoja kukaa nayo peke yake. Mpwa wangu amehamia mahali ambapo desturi hiyo ndiyo maisha: mtu mzima anajaza fomu dukani, rekodi yake inaangaliwa, na usiku huo analala na bunduki chumbani.

Nilipolitaja jambo hili baada ya ibada, wazee wenzangu waligawanyika. Mmoja ana wakwe katika kanisa la Marafiki, wale Waquaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 na ambao imani yao hukataa vita. Alisema mkono hujifunza kile unachokirudia. Akaniuliza shabaha zetu jeshini zilichorwa nini, na ilinibidi nimjibu kweli: umbo la mtu anayekuja mbio. "Basi," akasema, "hakuna karatasi pale. Kuna mtu ambaye hajafika."

Wa pili alifungua Samweli wa Kwanza, sura ya 20. Yonathani alitoka shambani na upinde, akapiga mishale kama anayelenga shabaha, na kijana wake akaikimbilia. Daudi alikuwa amejificha karibu, na kwa jinsi mishale ile ilivyoelezwa alijua kwamba mfalme anataka kumuua, akaokoka. Mzee huyo akaongeza kwamba askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe panga. Aliwakataza unyang'anyi na uongo, akawataka watosheke na mshahara wao.

Kwa upande mmoja nasimama na huyu wa pili, kwa kuwa nimeona shabaha inavyomfanya mtu. Wanafalsafa Wastoa walikuwa na mfano ambao Cicero aliuandika: kazi ya mpiga upinde ni kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili alenge sawasawa, lakini kupata shabaha hakumo mikononi mwake, maana upepo unaweza kuamua vingine. Yeyote aliyefunza makuruta anaujua ukweli huo hata kama hajamsikia Cicero. Nilipokuwa uwanjani sikuuliza amepata ngapi, nilimtazama anavyopumua. Nimeona vijana wenye hasira wakilala chini, wakatoa pumzi, wakangoja, na kwa mara ya kwanza wakatii kitu ambacho hakiwapigii kelele. Manufaa hayo ni ya kweli, na sitayaita dhambi.

Nasi Wanandi tulikuwa na shabaha kabla ya bunduki. Mtoto alipewa mishale yenye ncha za mti ya kupigia ndege, na mkubwa ya chuma. Palikuwa pia na mshale wa kutolea damu ya ng'ombe, wenye ncha fupi na kizuizi nyuma yake ili usizame. Uliutoboa mshipa wa shingo kutoka karibu, damu ikakingwa kwenye chombo, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Upinde, jicho na mkono vilikuwa vilevile vya vita, na watu walipata chakula bila mnyama kufa. Anayesema kwamba kila kulenga ni kuua hajauona mshale ule.

Lakini mimi ni mtu wa Uasin Gishu, na niliiona Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Pinde zilizotoka majumbani majuma yale hazikutengenezwa kwa ajili ya majirani. Nyingine zilikuwa za kuchungia, nyingine ukumbusho wa babu uliotundikwa ukutani. Waliozishika hawakuwa wageni wa Neno la Mungu; wengi wao tuliimba nao Krismasi, siku chache tu kabla. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu wakiwa wamekimbilia ndani. Tangu hapo mtu akiniambia kwamba nia yake ni njema, namsadiki, ila sioni kwamba amenijibu. Nia ni ya siku ile anaponunua. Silaha itadumu kuliko siku ile, na ikitunzwa vizuri itadumu kuliko yeye.

Ndiyo maana naona wazee wangu wawili walibishana pembeni ya jambo. Mmoja aliitazama silaha, mwingine akaitazama nia. Hakuna aliyeuliza: siku moyo wa mwenyewe utakapogeuka, nani atasimama kati yake na bunduki?

Swali hili ni la kale. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Socrates anazungumza na mzee tajiri aitwaye Cephalus, ambaye kwake haki inaelekea kuwa ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anampa tatizo moja: rafiki alikuachia silaha zake akiwa na akili timamu, sasa amerudi kuzidai akiwa amerukwa na akili, je, umrudishie? Wanakubaliana kwamba hapana. Wasomi hutumia ukurasa huo kuonyesha kwamba haki ni zaidi ya kulipa deni. Mimi niliusoma kama askari na nikaona kitu kingine. Silaha zilikuwa kwa rafiki. Palikuwa na nyumba ya pili na mkono wa pili. Kama yule mgonjwa angekuwa na silaha zake mwenyewe chumbani, Socrates asingekuwa na la kuuliza, kwa kuwa hakuna ambaye angeombwa, wala ambaye angekataa.

Jeshi linaelewa hili kuliko linavyosemwa. Bunduki niliyopewa niliijua namba yake kama nijuavyo jina la mwanangu, na haikuwahi kuwa yangu. Jioni ilirudi ghalani kwa sahihi. Risasi zilihesabiwa, maganda yakahesabiwa, na kabla ya kutoka uwanjani kila mmoja alitamka mbele ya ofisa kwamba hana risasi wala ganda. Makuruta waliona ni dharau. Hawakujua bado kwamba kambini kuna usiku ambapo mtu amepata simu kutoka nyumbani, mchumba ameolewa au shamba limeuzwa, na kwamba ghala lililofungwa ndilo rafiki pekee aliyebaki macho.

Marekani imeonyesha kwa hesabu kinachotokea ghala linapokuwa chumba cha kulala. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa huko kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Connecticut ilitunga mwaka 1999 sheria ya kuwezesha silaha za mtu aliye hatarini zichukuliwe kwa amri ya mahakama, na majimbo kadhaa yakafuata mkondo huo. Texas haimo miongoni mwao. Mpwa wangu anaishi peke yake, anasafiri usiku, na kuna siku hazungumzi na mtu isipokuwa karani wa mizani. Ni kijana mwema, na mama yake alimlea vizuri. Sina shaka naye leo. Nina shaka na usiku mmoja nisioujua, wa mwaka nisioujua.

Aliniambia kwamba namtendea kama mtoto, na kwamba mtu huru hawekewi msimamizi. Nilimkumbusha kwamba kwetu mwanamume hakuwahi kuwa huru kwa namna hiyo. Mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake. Baraka yake hutafutwa, laana yake huogopwa, hata kama kijana ana ng'ombe wengi kumshinda. Hakuna aliyeona kwamba hilo linampunguzia uanaume. Lilimaanisha kwamba kuna mtu mmoja duniani anayeweza kukwambia hapana, na ukasikia.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuipita. Anayekunyang'anya silaha huenda ndiye anayetaka kukumaliza. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu. Kiongozi wetu Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kukutana na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, kwa ajili ya mazungumzo ya amani, na baada yake Wanandi walishindwa na ardhi yao ikamegwa. Kwa hiyo sisemi kwamba yeyote mwenye nguvu ana haki ya kukunyima. Nasema uchague mwenyewe, ungali na akili timamu, mtu ambaye akikupoteza naye amepata hasara: ndugu, mke, mchungaji, au rafiki mliyezoea kupiga shabaha pamoja. Mpe ufunguo wa kabati. Mpe ruhusa ya kukukatalia bila kukueleza sababu, na umwahidi kwamba hutamchukia kwa hilo. Mtu asiyeweza kutoa ahadi hiyo hana tatizo la kuchagua bunduki. Tatizo lake ni jingine, na kwanza alitazame hilo.

Nawageukia pia wenzangu mlio na bastola za leseni hapa Kenya. Bodi ya leseni hukutazama mara moja kwa mwaka, lakini nyumba yako hukutazama kila jioni. Mkae na wake zenu, waume zenu au watoto wenu wakubwa, mkubaliane nani atachukua ufunguo mambo yakiharibika. Mkubaliane leo, wakati mnacheka.

Kwa mpwa wangu, hukumu yangu ni hii. Kupiga shabaha si dhambi, na bunduki niliyomtajia inafaa. Anitumie kwanza jina la mtu wa kule Texas atakayeshika ufunguo. Mpaka nilipate jina hilo, asinunue. Aende uwanjani, akodi ya kwao, apige, airudishe kaunta na aende zake nyumbani.