Alan Page: Kutoka Mstari wa Mbele hadi Kiti cha Jaji

Alan Page alizaliwa mwaka 1945 mjini Canton, Ohio, Marekani. Akiwa kijana alifanya kibarua kwenye ujenzi wa Jumba la Heshima la futiboli ya Kimarekani mjini humo, jumba ambalo mwaka 1988 lingempokea yeye mwenyewe.

Mwaka 1967, akitokea Chuo Kikuu cha Notre Dame, alisajiliwa na timu ya Minnesota Vikings kama mlinzi wa mstari wa mbele. Kazi hiyo ni ya kusukumana: mpinzani mmoja au wawili wenye miili mikubwa humzuia, naye lazima apenye kabla mrushaji hajaachia mpira. Page hakutegemea uzito. Alishinda kwa kuchomoka upesi mno, mara tu mpira ulipotikisika. Mwaka 1971 akawa mlinzi wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi ya NFL, tuzo ambayo kwa kawaida huwaendea washambuliaji. Fainali nne za Super Bowl, hata hivyo, alizipoteza zote.

Huku akicheza alisomea sheria, akahitimu mwaka 1978. Mwaka huohuo Vikings wakamtema. Mbio ndefu alizokuwa akikimbia zilikuwa zimemkondesha, wakamwona mwepesi mno kwa kazi yake. Timu ya Chicago Bears ikamchukua, akaichezea hadi 1981, bila kukosa mechi hata moja tangu aanze.

Mwaka 1992 wapiga kura walimchagua kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Minnesota. Alikaa hapo hadi 2015 alipotimiza miaka 70, umri ambao jaji akiufikia, sheria ya jimbo humtaka astaafu.