Ujira wa Fundi

Tumeulizwa: mtu amemwagiza seremala mlango, umekwisha kutiwa, wafunguliwa na kufungwa kila siku, kisha mwenyewe akataa kumaliza fedha, asema haukumpendeza. Je, fundi aweza kwenda kuung'oa?

Twajibu: Hawezi. Mlango umekuwa sitara ya watu wa nyumba, na dhulma haiondolewi kwa dhulma. Lakini mwenye nyumba asifurahi kwa jawabu hili. Ila ya kweli husemwa siku mlango uletwapo, si siku fedha zidaiwapo. Atakaye kazi kamili kwa ujira pungufu, na aisome Suratul Mutaffifin, ajitazame.

Kama ila ipo, na aitwe fundi mwengine mwadilifu aikadirie, ujira upunguzwe kwa kadiri yake. Kama mdaiwa hana, aya ya 280 ya Suratul Baqara yaamrisha angojewe. Bali aliye nacho akachelewesha ni dhalimu.

Nanyi mafundi, mwaahidi Ijumaa mkaleta baada ya miezi miwili! Aya ya 282 yaamrisha deni liandikwe. Karatasi moja na mashahidi wawili siku ya maagano vingalihifadhi mali na udugu pamoja.