Wengi Wape, Lakini Si Kila Kitu: Nasaha kwa Vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wetu wa Mbeya na Iringa, mmelelewa mkisikia kwamba wengi wape, na tena kwamba mkataa wengi ni mchawi. Methali ya kwanza ishikeni kwa kipimo. Ya pili iogopeni, maana huku kwetu neno mchawi limekwisha kumwaga damu. Iko siku kila mmoja wenu atajikuta ndani ya kundi lililokwisha kuamua, na moyo wake unamwambia kundi limekosea. Nasaha hizi ni za siku hiyo.

La kwanza: jueni mwisho wa mamlaka ya wengi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Una haki ya kuamua zahanati ijengwe wapi na mchango uwe kiasi gani. Mikono ikihesabiwa na upande wako ukashindwa, toa mchango, beba tofali, usiende kunung'unika vilabuni. Huo ndio uungwana. Lakini yapo mambo mawili ambayo mikono haiyafikii: ukweli wa jambo lililotendeka, na haki ya mtu ya kuishi na kukaa kwake kwa amani. Watu 300 wakiinua mikono kwamba fulani ni mwizi, wizi bado haujathibitika. Kilichothibitika ni kwamba watu 300 wanamshuku.

La pili: msimhukumu mtu kwa uchawi, hata kijiji kizima kikikubaliana. Mnawafahamu waganga wanaoitwa lambalamba. Watu hukutana, wakachanga fedha, waganga wakaitwa kupita nyumba kwa nyumba kuwasaka wachawi. Anayekataa kuchanga huonekana ana la kuficha, na anayetajwa mara nyingi ni bibi mjane au mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamhesabu mwenye kosa yule anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi. Mwaka 2009, mauaji ya kishirikina ya watu wenye ualbino yalipozidi, serikali iliwaita wananchi wapige kura za siri kuwataja wanaowashuku. Kura ya namna hiyo yaweza kumwonyesha mpelelezi pa kuanzia. Haiwezi kuwa ushahidi, kwa kuwa chuki za mashamba na madeni nazo huandika majina.

La tatu: mkisikia "mwizi! mwizi!" kule Mwanjelwa, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, msiokote jiwe. Magazeti huandika kwamba mtuhumiwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoua na hakuna aliyenyanyua mkono. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na ibara ya 14 inamlindia kila mtu uhai wake. Basi ulizeni kwa sauti: Nani kaibiwa? Kaibiwa nini? Nani kaona? Mara nyingi anayepiga hajui hata kimoja. Swali huchelewesha jiwe, na dakika chache zaweza kutosha mwenyekiti wa mtaa au polisi kufika.

La nne: tamaa ya wengi isiwafumbe macho. Barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita kwetu, na malori ya mafuta ya Zambia na Kongo hupanda mlima Kitonga usiku na mchana. Tarehe 10 Agosti 2019, kwenye barabara hiyo hiyo, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota, na waliofika baadaye waliona wenzao wengi wameshatangulia. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Tusiwaseme vibaya marehemu, wengi walikuwa wakitafuta riziki ya siku. Ila tukumbuke kwamba umati haukupunguza hatari hata kidogo.

La tano: katika kikao cha ukoo, simama na aliye mmoja. Mume anapofariki, ndugu saba huketi upande huu na mjane peke yake upande ule, kisha husemwa kwamba familia imeamua. Shamba la viazi alilolima na mumewe haliwi la ukoo kwa sababu wajomba na mashemeji wamekuwa wengi barazani.

La sita: kataeni kwa adabu. Amkia wakubwa kwanza, omba nafasi, na useme mapema kabla mikono haijanyanyuka, kwani aliyekwisha kunyoosha mkono huona haya kuushusha. Mwite mzee kwa heshima yake hata unapompinga. Ukiweza, mfuate kwake jioni mzungumze wawili, maana mbele za watu atatetea hadhi yake kuliko hoja yake. Asipokusikia, zuia mkono wako. Na uhai wa mtu ukiwa hatarini, usitosheke na kujitenga, ita msaada.

La saba: mkiwa ninyi ndio wengi, msikilizeni mchache. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kuwauliza Watanzania kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere akaunga mkono mageuzi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Pimeni hekima yake: vyama vingi viliporuhusiwa, wale wanane hawakunyang'anywa chama chao, waliendelea kukipigia kura. Lakini kingebaki kimoja, wale wawili wangefungwa midomo.

Wala msigeuze nasaha hii kuwa kiburi. Kuwa peke yako hakukufanyi uwe sahihi. Wako wachache wakaidi, na wako wachache wenye nguvu wanaowaonea wengi. Sikiliza sababu za wenzako mpaka uweze kuzieleza vizuri kama wao, kisha ndipo ukatae.

Umati humpa mtu maficho, na humo watu wema hutenda wasiyoyathubutu wakiwa peke yao. Basi kabla hujanyanyua mkono, jiulize: ningelitenda hili peke yangu, mchana kweupe, kwa jina langu, huku ninayetendewa akinitazama? Jibu likiwa hapana, ondoka, na useme kwa nini unaondoka. Huenda yupo wa pili aliyekuwa akingoja tu mmoja atangulie.