Shavu la Pili



Hakuna fundisho la Bwana wetu ambalo watu hulitaja upesi kama lile la kumgeuzia apigaye shavu la pili. Na wanaolitaja zaidi, nimeona, ni wale ambao hawakupigwa. Mtu amedhulumiwa, nasi twamwambia, "Wewe ni Mkristo, nyamaza." Mwezi huu nataka tulitazame neno hilo kwa habari ya mtu mmoja aliyepigwa kweli, mbele ya umati, na picha zipo.

Jina lake Johnny Bright, mtu mweusi, mzaliwa wa mwaka 1930 huko Fort Wayne, jimbo la Indiana, Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Drake, mjini Des Moines, na mchezo wake ulikuwa ule mpira wa Kimarekani uchezwao kwa mikono, mpira wenye umbo la yai. Mkimbiaji huukumbatia akapenya katikati ya wapinzani, nao hushindana kumwangusha chini.

Tarehe 20 Oktoba 1951 timu yake ilikwenda Stillwater, Oklahoma, kucheza na chuo cha huko. Tetesi zilikuwa zimezagaa kwamba yule mweusi hatamaliza mchezo. Kabla ya dakika kumi kupita, mchezaji mmoja wa upande wa pili alikuwa amemwangusha mara tatu hata akazimia. Pigo moja lilimvunja taya, wala hakuwa na mpira mkononi. Alikuwa amekwisha kumpa mwenzake, amesimama tu akitazama. Na taya ikiwa imevunjika, alirusha mpira uliosafiri kuleta bao la yadi 61, kisha ikambidi atoke. Waamuzi hawakumtoa mpigaji. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines walikuwa wameelekeza kamera zao kwa Bright, na picha zile zilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Hata hivyo hakuna aliyeadhibiwa. Drake wakajitoa katika shirikisho lao la michezo kwa uchungu.

Mwaka uliofuata timu ya Philadelphia Eagles ilimchagua Bright wa kwanza kabisa. Timu hiyo ilikuwa haijapata kuwa na mchezaji mweusi, naye alihofia jinsi wazungu wa kusini watakavyomtendea. Akakataa, akaenda Kanada.

Wengine watasema alikimbia. Mimi sioni hivyo. Bwana mwenyewe, alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani, hakurudisha kofi. Lakini pia hakunyamaza, bali alimwuliza sababu ya kumpiga. (Someni Yohana sura ya 18.) Kutorudisha pigo ni jambo moja, kusema kwamba pigo halikuwapo ni jambo lingine. Bright hakulipiza. Lakini hata katika miaka yake ya mwisho alisema wazi kwamba alipigwa kwa sababu ya rangi yake.

Huko Kanada alianza Calgary, halafu mwaka 1954 akahamia Edmonton, katika timu iliyoitwa Eskimos, jina lililoachwa mwaka 2020. Wakatwaa Kombe la Grey miaka mitatu mfululizo, 1954 hadi 1956. Aliyebeba mpira pamoja naye alikuwa Normie Kwong, mtoto wa Wachina waliohamia Kanada. Mwaka 1959 Bright alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Alipostaafu mwaka 1964 alikuwa amekimbia na mpira yadi 10,909, kupita mtu yeyote aliyemtangulia katika ligi ile. Ni karibu kilomita 10. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili tu, lakini jaribuni kuutembea huku wanaume wazito wakiwarukia kila hatua chache.

Na sasa nafika mahali panaponifurahisha mimi mwalimu mstaafu. Katika miaka hiyo hiyo ya kucheza, Bright alikuwa akifundisha shule. Mwaka 1962 alichukua uraia wa Kanada, na baadaye akawa mwalimu mkuu mjini Edmonton. Alifariki tarehe 14 Desemba 1983, kwa mshtuko wa moyo, akipasuliwa goti lililoumizwa na mpira. Alikuwa na miaka 53.

Mwaka 2005 chuo cha Oklahoma kiliandika barua ya kuomba radhi. Ilikuwa imepita miaka 54. Siidharau barua ile, maana aliyeiandika siye aliyepiga. Lakini ilibidi ipelekwe Drake, kwa kuwa mwenye taya alikuwa kaburini miaka 21. Nasi hapa mtaani, wapo tunaopeana nao mkono wa amani kila Jumapili huku tukijua tumewakosea, tukidhani mkono ule unatosha. Baadhi yao ni wazee kuliko mimi.

Watu wa Edmonton hawakungoja barua ya Oklahoma ndipo wamkabidhi watoto wao. Mwaka 2010 walifungua shule yenye jina lake.