Kochi Lako Lina Nguo ya Idi?

Watoto umeshawanunulia. Mume kanzu yake iko kwa fundi. Dera lako limekunjwa kabatini linasubiri siku. Kochi je? Mgeni wa kwanza atakayepiga hodi asubuhi ya Idi hatakaa juu ya dera lako. Atakaa kwenye kochi, ataegemea, na kabla juisi haijafika atakuwa ameikagua sebule nzima kwa pembe ya jicho.

Kuna wakati swali hili lisingeulizwa. Sebule ya Magomeni au Temeke ya miaka ya 1980 haikuwa na kitu kilichokaa uchi. Mgongo wa kochi ulikuwa na kitambaa, mikono yake miwili ina vyake, stuli ina chake, redio ina chake, hata jagi la maji lilivishwa kitambaa chenye shanga pembeni kisipeperushwe na upepo. Televisheni ilipoanza kuingia majumbani Bara, baada ya vituo vya kwanza kurusha matangazo mwaka 1994, ilikuta nguo yake imeshaanza kufumwa. Halafu tukaambiwa huo ni ushamba. Yakaja makochi ya ngozi bandia, yale yanayonata mgongoni kwa joto la Dar mpaka ukiinuka yanalia. Vitambaa vikaenda sandukuni, na sindano ya kroshia ikaingia kwenye kopo la vifungo. Nakuomba ukaitoe humo.

Na akitokea wa kukwambia kufuma ni kazi ya wasio na kazi, msimulie habari za bata. Huko Marekani, kwenye majimbo kama Ohio, Indiana na Kentucky, watu huweka kwenye kibaraza cha nyumba sanamu ya bata bukini ya zege au plastiki. Mtindo huo ulishamiri miaka ya 1980 na mpaka leo haujafa. Bata huyo hatagi wala halii, lakini ana kabati la nguo! Mvua zikianza anavaa koti la mvua, Krismasi anavaa kofia nyekundu, Pasaka anavaa masikio ya sungura. Wapo wanaomshonea, wapo wanaomfumia kwa kroshia, na wapo wanaoziuza nguo hizo wakapata pesa halali. Hao ni watu wazima wenye kodi ya kulipa. Sasa wewe unavisha kiti anachokalia binadamu, mkwe wako, shehe au mchungaji wako, uone haya ya nini? (Kama una simba wa zege getini kule Mbezi na unataka kumfumia kofia ya Krismasi, mimi sikukatazi.)

Tuje kwenye thamani, maana hapo ndipo wengi wanapojidharau. Jiji limejaa vitu vya mashine: sweta zinafumwa na mashine, mapazia yanashonwa na mashine, hata mikeka siku hizi ni ya plastiki. Kroshia bado haijapata mashine yake. Sindano inaingia tunduni, inanasa uzi, inauvuta kupita kwenye kitanzi, kisha inahamia tundu jingine kwa mwelekeo mwingine, na mkono wa kushoto wakati wote unakaza na kulegeza. Zipo mashine zinazoiga sura ya kazi hiyo, lakini kroshia yenyewe bado inatoka mikononi mwa mtu. Hata kile kipochi cha bei ya chini ulichokiona dukani Kariakoo, ukadhani kimetoka kiwandani kama kikombe, kuna mtu mahali fulani amekifuma tundu kwa tundu, na pengine amelipwa kiduchu. Kwa hiyo anayeshindana nawe si mtambo. Ni mtu mwenye vidole kumi kama wewe.

Tena kazi ya vidole hivyo ina hesabu ndani yake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitaka wanafunzi wake washike mkononi aina ya uso unaojikunjakunja ambao ni shida kuueleza kwa mchoro. Mifano ya karatasi ilikuwa ikichanika. Akachukua sindano ya kroshia, akafuma mstari kwa mstari, na kila baada ya idadi fulani ya vitanzi akaongeza kimoja. Kikatoka kitu cha marinda matupu, na wanahisabati wenzake wakastaajabu.

Bibi wa Tandika angekitazama mara moja akauliza kitawekwa kwenye stuli ipi. Maana anapofuma ukingo wa marinda anafanya jambo hilo hilo: anaongeza vitanzi kwa uwiano mpaka ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi yake, unakosa pa kwenda, unajikunja. Akizidisha, marinda yanabanana. Akipunguza, kitambaa kinalala bapa kama chapati. Hana ubao wala chaki, na anahesabu huku akiamua ugomvi wa wajukuu. Kisha anakichovya kwenye wanga wa muhogo, anayapanga marinda kwa vidole, anaanika kivulini, na kesho yake yamesimama wima. Wapo wanaotumia maji ya sukari badala ya wanga. Hongera yao, na hongera kwa sisimizi wao.

Pambo hulisha watu. Ireland ilipopigwa na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, baada ya viazi kuoza mashambani, watawa na walimu walisambaza ufundi wa kroshia kwa familia maskini. Familia hizo hazikufuma mablanketi. Zilifuma kola na lesi nyembamba kwa wanawake matajiri ambao hawakuwa na dhiki yoyote, na pesa ya lesi ikanunua chakula. Mwenye shida alimuuzia mwenye sherehe.

Na sherehe Dar hazituishii. Hebu itazame kalenda kwa jicho la muuzaji. Krismasi haihami, na Pasaka inacheza kati ya Machi na Aprili. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ndiyo maana mwaka 2000 ilisogeleana na Krismasi mwishoni mwa Desemba, na kwa hesabu ya kalenda zitasogeleana tena mwaka 2033. Katikati kuna harusi, sendofu na kitchen party za kila wikiendi, ambapo bibi harusi hukabidhiwa vyombo vya kila aina lakini kochi lake linaenda kwa mume likiwa uchi. Kila msimu una rangi zake. Ushauri wangu ni huu: fuma kitambaa cha kati kwa uzi mweupe, kikubwa na imara, kisha fuma kingo za kuvalisha na kuvua, kijani na dhahabu kwa Idi, nyekundu kwa Krismasi, njano kwa Pasaka. Mteja anunue kitambaa mara moja, ukingo arudi kununua kila msimu. Ukianza kazi ya Krismasi Desemba umechelewa. Anza Septemba, hewa ingali kavu, kabla mvua za vuli hazijafanya uzi wa pamba ushinde siku mbili kambani na kunuka ukungu.

Utasema huna muda. Foleni ya Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala unakaa ndani yake ukifanya nini? Kroshia haidai meza wala umeme, na gari likikwama ndipo mkono unapotulia. Utasema huna mtaji. Sindano moja na mabunda machache ya uzi havifiki bei ya hiyo simu uliyonayo mkononi. Kazi ikikua, msijifungie kila mtu na kibaraza chake. Sajilini kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea 2024, na makundi ya bodaboda na ya mama lishe yanajua njia ya kuiendea. Wafumaji nao waijue.

Soko nalo liko mlangoni. Keko, humo humo Temeke, ndiko makochi ya nusu ya jiji yanakogongwa misumari. Ongea na seremala mmoja akuruhusu kuvisha kochi lake moja la maonyesho. Yeye linamvutia mteja, wewe linakuletea oda. Na kila mwaka Saba Saba ikifika, wafanyabiashara wa nchi nzima na wa nje hujaa kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Mkazi wa Temeke kwenda pale kununua sufuria na kurudi bila kuuza hata kitambaa kimoja, hilo kwangu halikubaliki.

Kuhusu bei, usiwe mnyonge. Atakuja mtu wa kusema, "Si uzi tu huo?" Usigombane naye. Mpe sindano na uzi, mwombe afume mstari mmoja tu wakati unamfungia mzigo. Wengi hurudisha sindano na kutoa pesa. Hesabu uzi, hesabu saa, kisha taja bei bila kuangalia chini.

Na nyinyi kaka zangu mnaocheka pembeni, nendeni Kunduchi mkamwone mvuvi akiziba wavu. Kitanzi, fundo, kitanzi, fundo, jua likiwa utosini, na hakuna anayemwuliza kama hiyo ni kazi ya kiume. Kofia za vito za Pwani zimepita mikononi mwa wanaume wengi tu waliokaa barazani na sindano. Kijana wa Manzese mwenye vidole vyepesi asingoje ruhusa ya mtu.

Basi leo usiku, watoto wakilala, chukua futi ya kushonea. Pima upana wa mgongo wa kochi, pima mikono yake, andika nyuma ya daftari la shule. Jumamosi nenda Tandika ukanunue uzi. Mweupe nunua bunda moja zaidi ya ulilokusudia, maana ndio unaoisha wa kwanza, na ukirudi wiki ijayo utauziwa mweupe wa namna nyingine.