Kulinda akili si kuacha pombe tu

WANACHUONI wetu, akiwemo Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111, wametufundisha kuwa sharia ya Kiislamu imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tukifika kwenye akili, khatibu hutaja pombe na bangi, nasi tunatikisa vichwa na kuondoka tukijiona tumesalimika. Lakini ndugu msomaji, mtu anayeharibu akili ya jirani yake kwa moshi, naye tumuweke wapi?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2020 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet liliingiza hewa chafu katika mambo 12 yanayoongeza hatari ya kupata demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu apoteze kumbukumbu hata asiwatambue wanawe. Mwaka 2024 mambo hayo yakafika 14, na hewa chafu imo. Uchunguzi wa watu wapatao milioni 6.6 katika jimbo la Ontario, Canada, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kuwa waishio chini ya mita 50 kutoka barabara kuu walikuwa na hatari ya maradhi hayo iliyozidi kwa asilimia 7 hivi, wakilinganishwa na walio mbali zaidi ya mita 300. Kwa mtu mmoja asilimia hiyo ni ndogo. Kwa jiji zima ni wazee wengi.

Kinachodhuru zaidi ni chembechembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi. Zinapita kwenye mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2016 Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzake walieleza kuwa wamekuta chembe za chuma, zenye umbo la zile zitokanazo na moto mkali, ndani ya bongo za marehemu wa Mexico City na Manchester.

Hapo mwenye moshi atajitetea: "Mzee fulani amepoteza kumbukumbu, nani atathibitisha kuwa ni kwa moshi wangu?" Ni kweli, hakuna daktari awezaye kuthibitisha hilo. Umri una sehemu yake, na wenye moshi ni wengi. Lakini je, dhulma ikigawanywa kwa watu elfu moja inageuka kuwa halali? Mtume (SAW) amekataza kudhuru na kudhuriana, wala hakumsamehe anayedhuru kidogo kidogo pamoja na wenzake. Na anayejitetea kwa kadari ajue kuwa kadari ni ya Mwenyezi Mungu, lakini lori bovu ni la kwake.

Je, basi kila moshi ni haramu? La. Mafakihi walilizungumza jambo hili zamani. Ibn al-Rami wa Tunis, katika karne ya 14, aliandika juu ya madhara baina ya majirani, na moshi ukiwemo. Moshi wa matanuri na mahamamu ulizuiwa, na ule wa jikoni, ambao watu hawawezi kuishi bila ya huo, ukavumiliwa.

Kipimo hicho kinatufaa leo. Mama ntilie anayepika kwa mkaa kwa kuwa hana uwezo wa gesi si sawa na tajiri ambaye lori lake linatapika moshi mweusi kwa kuwa ameona matengenezo ni gharama. Wala si sawa na anayechoma matairi na plastiki uchochoroni ilhali gari la taka linapita. Mwenye dharura anasaidiwa, mwenye hiari anaulizwa.

Na kusaidia ni wajibu wetu. Mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lakini mtungi haujazwi kwa mkakati, unajazwa kwa fedha. Mume mwenye uwezo anayemuacha mkewe apulize mkaa chumbani, na matajiri wa msikiti wasiowahi kuifikiria sadaka ya jiko, nao wajihesabu.

Atakayesahau majina ya wanawe miaka 30 ijayo hatamjua aliyemvutisha moshi. Mwenyezi Mungu anamjua.